Nyota Moja Begani

Siku Sattam alipotunukiwa kamisheni, geti la uwanja wa gwaride lilifunguliwa na jamaa wakaruhusiwa kuingia. Kila luteni usu alivamiwa na watu wake. Kina mama walipiga vigelegele, wazee wakawabusu vijana wao begani, pale penye nyota mpya, na watoto wakavaa kofia zilizowafunika macho. Sattam alibaki palepale alipoamriwa asimame, mikono ubavuni, kana kwamba amri ya kulegea haikumfikia. Ami yake Mislih alimwendea, akasimama mbele yake. Mwaliko ulikuwa wa viti viwili. Kimoja alikikalia ami. Juu ya kile cha pili alikuwa ameweka koti lake tangu asubuhi, asije mtu akakichukua, na sasa watu walikuwa wanaondoka na koti bado liko pale.

Kiti kile kilikuwa cha Nofa, dada yake Sattam.

Kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Karak, kusini mwa Yordani, huwezi kumtaja mmoja bila kumtaja mwingine. Mama yao alifariki Sattam akiwa bado ananyonya. Baba yao, koplo mstaafu aliyekuwa akichunga kondoo wake akiwa amevaa mkanda wa jeshi, alifuata kwa maradhi ya kifua. Nofa akabaki na kondoo, nyumba ya mawe yenye mtini uani, bunduki ya baba ya kufukuzia mbwa mwitu, na mtoto. Wachumba walikuja, maana hakuwa mbaya wa sura. Nofa alimuuliza kila mmoja swali moja: mtoto atalala chumba gani? Walijibu kwa kukohoa. Mwisho hawakuja tena, na yeye akaacha kupaka wanja.

Baba yao alikuwa amewapigia saluti vijana wadogo kuliko yeye maisha yake yote. Nofa aliliona hilo na kuliweka moyoni. Alitaka mtu wa nyumba ile, siku moja, apigiwe yeye. Hakusema hivyo kwa watu. Kwa watu alisema jeshi lina mshahara na daktari.

Tatizo ni kwamba Sattam alikuwa mwembamba kama fito ya hema. Ami Mislih alisema wakimpa bunduki huyu, bunduki ndiyo itakayombeba. Nofa akaanza kumkimbiza kila alfajiri kutoka kisimani hadi kwenye magofu ya juu, kijana mbele kwa miguu, yeye nyuma juu ya punda, na sisi tuliokuwa tukifungua madirisha tulimsikia.

"Dada, nimechoka," Sattam alikuwa akilalama.

"Punda ananiuliza kama tumesimama. Nimjibu nini?"

Alimlisha samli na mayai, akamsikiliza masomo asiyoyajua yeye mwenyewe, akishika kitabu na kumtazama usoni kuona kama anabahatisha. Sattam alipochukuliwa chuo cha maofisa, Nofa hakulia. Alikwenda kufua mkanda wa baba.

Wiki za mwanzo hakuna mgeni anayeruhusiwa. Ijumaa ya kwanza ya kutembelewa, Nofa alifika getini na sufuria ya nyama na wali iliyofungwa blanketi, mtindi mkavu wa kuipikia ukiwa umelowekwa nyumbani tangu jana yake. Kijana aliyeletwa mbele yake alikuwa na kichwa kilichonyolewa na miguu iliyochubuka hadi nyama. Hakugusa chakula. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mkufunzi amewalaza kwenye mawe, kwamba usingizi ameusahau, kwamba nguo zake zile za nyumbani ziko stoo na anaweza kuzivaa saa hii hii.

"Nichukue, dada. Nitachunga. Nitafanya kazi yoyote."

Nofa alikuwa anamvua soksi. Alimpaka mafuta ya zeituni na chumvi, taratibu, kidole kwa kidole, naye akauma kofia yake asipige kelele.

"Ukitoka hapa," alimwambia, "kwangu usije. Mlango utaukuta umefungwa."

Kisha akamlisha kwa mkono wake, mbele ya wenzake, wakimcheka, na kijana akala akilia. Alirudi kijijini na sufuria tupu. Wanawake walipomuuliza habari za Sattam, alisema amenenepa. Lakini siku nzima iliyofuata hakuonekana uani, na kondoo walipiga kelele zizini hadi jirani akawafungulia.

Aliendelea hivyo kila Ijumaa ya kutembelewa. Kidogo kidogo yule fito akawa na mabega. Mwaka wa mwisho ulipoanza alipewa likizo, akaja nyumbani na sare iliyopigwa pasi hadi inakata, na Nofa akasema sasa inatosha, watu waje wale karamu. Alichinja kondoo wawili. Hema likasimamishwa kando ya mtini. Watu wa ukoo wake walikuja, na wa koo za jirani pia, akiwemo Abu Khalaf, mzee wa ukoo wa Hlaili wa mtaa wa chini, ambaye alimbusu Sattam na kumwita mwanangu. Mwanawe mkubwa, Khalaf, fundi umeme, alibaki nyumbani. Koki ya tanki lao la maji juu ya paa ilikuwa inavuja.

Kwetu furaha bila mlio wa risasi haijatimia. Tumekatazwa, tumeonywa, tumezika watu kwa ajili yake, na bado. Baada ya kula, ami Mislih aliitoa bunduki ya marehemu na kumpa mwenye sherehe. Sattam alijua kwamba mwanafunzi ofisa akishika silaha nje ya chuo amekwisha. Alimtazama dada yake. Nofa alikuwa anacheka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona siku nyingi. Sattam akaelekeza mtutu juu na kufyatua, tena na tena, kisha akampa Nofa, akisema huyu ndiye aliyenikimbiza. Nofa naye alifyatua mara moja. Vigelegele vikapaa. Sahani zilikuwa bado hazijaondolewa kelele ilipotokea mtaa wa chini, na haikuwa kelele ya furaha.

Khalaf alikutwa ameegemea tanki, spana mkononi, maji yakimwagika juu yake. Risasi ilikuwa imerudi kutoka mbinguni.

Sitasimulia siku tatu zilizofuata. Wanaume wa ukoo wetu hawakutoka nje. Madirisha yalivunjwa, zizi likachomwa. Polisi waliichukua bunduki na ami Mislih pamoja nayo. Walimuuliza kila mtu aliyekuwa karamuni ni nani aliyefyatua, na ikaonekana kwamba siku ile watu wote walikuwa wanatazama sahani zao. Sattam alijifungia chumbani. Alisema atakwenda kusema. Nofa alikaa nje ya mlango ule akiwa ameuegemea kwa mgongo, na kila alipojaribu kutoka alimkuta pale.

"Hatujui ni ya nani," alimwambia kupitia mbao.

"Zangu zilikuwa nyingi. Yako moja. Hesabu mwenyewe."

"Sikusoma, mimi. Sijui hesabu."

Siku ya wazee wetu kwenda kuomba amani, walikwenda wamevua vilemba na kuvishika mikononi. Walikaa kwenye baraza la Abu Khalaf. Kahawa chungu iliwekwa mbele yao na hakuna aliyeigusa, kwa sababu mgeni mwenye ombi hanywi hadi ombi lake lipokelewe, na mwenye nyumba akinywa pamoja naye, neno limefungwa na halifunguliwi tena na mtu yeyote, hata mtoto wa mtoto. Sattam alikuwa amekaa nyuma ya wazee, kichwa chini. Likizo yake ilikuwa inakwisha siku ile ile.

Abu Khalaf hakupiga kelele. Alikuwa amekondeana kwa siku tatu kama aliyefunga miezi.

"Damu nitasikiliza habari yake," alisema. "Kwanza niambieni bunduki ilikuwa mkononi mwa nani."

Wazee wakatazama vikombe. Sattam akanyanyua kichwa, akajikohoza. Hapo pazia la upande wa wanawake likasukumwa na Nofa akaingia katikati ya wanaume, akiwa hana ruhusa, ushungi wake ameufunga fundo kama wafanyavyo wanaoomba kuokolewa. Alipiga magoti mbele ya yule mzee.

"Mkononi mwangu, Abu Khalaf. Mimi ndiye."

"Na huyu?"

"Huyu aliishika kunipa tu."

"Hakufyatua?"

"Hakufyatua."

Kila mtu pale barazani alijua. Mmoja wa wazee wetu alifumba macho. Sattam alisimama, na wawili waliokaa kando yake wakamkamata nguo na kumkalisha kwa nguvu, na hilo nalo kila mtu aliliona. Abu Khalaf alimtazama kijana, akamtazama dada.

"Kahawa inapoa, mzee wangu," Nofa alisema. "Nichukue mimi. Kunywa."

Mzee alinyanyua kikombe. Kahawa ikamwagikia ndevu zake, lakini alikunywa. Wazee wetu wakanywa. Masharti yakatajwa baadaye, na hayakuwa ya kushangaza: nyumba ile ya mtini ihamwe, mtu wa nyumba ile asikanyage tena kijijini, na sheria ya serikali ifuate njia yake.

Nofa alitoka pale hadi kituo cha polisi kwa miguu yake. Ami Mislih akaachiwa. Sattam alirudi chuoni jioni ile ile, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Nyumba ilifungwa, kondoo wakauzwa, na ufunguo akapewa ami, ambaye mpaka leo hajui auweke wapi.

Miezi ile ya mwisho ya mafunzo, ami alinieleza, ilikuwa mibaya kuliko ya kwanza. Sattam alianguka kwenye mbio ambazo alikuwa akiongoza. Alilala akiwa amevaa buti. Ijumaa za kutembelewa alikwenda getini na kukaa na watu wengine, mgeni wake akiwa hayupo, mpaka mkufunzi mmoja akamwita na kumuuliza kama anataka kuondoka kwa heshima, kwa kuwa habari za dada yake zinajulikana na hakuna atakayemcheka. Sattam aliomba kwanza apige simu.

Nofa aliletwa kwenye simu ya mahabusu. Alimsikiliza hadi mwisho. Alimwacha alie, amwambie kwamba kila akishika silaha mikono inakufa ganzi, kwamba anataka kwenda kwa hakimu.

"Umemaliza?" alimuuliza.

"Nimemaliza."

"Basi nisikilize, mdogo wangu. Ukitoka hapo nitakuwa nimefungwa bure. Utaniua, na hapo hatutauliza ni risasi ya nani."

Akakata simu. Sattam alirudi kwenye mstari wa wenzake.

Hukumu ilitoka kabla ya gwaride. Kwa kuwa Abu Khalaf alisamehe haki yake, kifungo kilipunguzwa, lakini hakikufutwa. Hakimu alimuuliza tena kama kulikuwa na mtu mwingine aliyeishika ile bunduki. Nofa alijibu kwamba wanaume wote walikuwa wanakula.

Siku chache baada ya kutunukiwa, Sattam alivunja sharti. Alikanyaga kijiji. Alipita barabara ya katikati mchana kweupe, na sare, na nyota, tukimtazama kutoka madukani, akaenda moja kwa moja kwa Abu Khalaf. Alivua kofia. Aliyasema yote, mbele ya waliokuwepo, kwa sauti ya gwaride, kana kwamba anatoa taarifa kwa mkubwa wake. Akamwambia mzee afanye apendavyo.

Abu Khalaf hakumkaribisha kukaa.

"Nilikuwa kwenye hema lenu," alisema. "Mkate wenu mdomoni mwangu. Niliwaona wote wawili. Nilipiga makofi."

Sattam akaikunja kofia mkononi.

"Nilitaka wawili, mwanangu. Dada yako alinipa mmoja akaniomba nitosheke. Kahawa ile nimekwisha kuinywa, siwezi kuitapika kwa sababu wewe hulali. Nenda. Usilale hukohuko."

Alikwenda pia kwa mwendesha mashtaka. Wakamuuliza Nofa. Akasema mdogo wake ana majonzi mengi tangu utotoni, wasimsikilize, na jalada likarudishwa kabatini. Baada ya hapo Sattam aliomba kituo cha mbali kuliko vyote, na akapewa kambi ya mpakani, upande wa jangwa la mashariki, ambako maofisa wengine hupelekwa kwa adhabu. Askari wake wanasema ni mkubwa mpole, ila hashiki bunduki pasipo lazima, na akipigiwa saluti huchelewa kuijibu.

Kila mwezi husafiri kwenda kumwona dada yake. Nofa hukubali chakula anacholetewa, ila yeye mwenyewe hatoki. Askari jela humwambia luteni kwamba dada yake anauliza kama amenenepa.

Nofa yuko gereza la wanawake, nje kidogo ya mji mkuu, kwenye chumba cha ushonaji. Anashona sare.