Mwalimu wa Kondoa Aliyefundishwa Mususa

Zaituni Sumbi alifundisha darasa la kwanza kule Kondoa, katikati ya Tanzania, kwa miaka thelathini na minne. Alipostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani na kanga mbili, wakamwambia apumzike. Akapumzika miezi mitano, akachoka. Oktoba 2024 akapanda basi, akavuka Uganda hadi Beni, mashariki ya Kongo, kumwona Amina, binti wa marehemu dada yake, aliyekuwa amejifungua mapacha. Mume wa Amina, Jamali, ni msafirishaji wa mizigo.

Hakuwa na nia ya kufundisha mtu. Siku moja Jamali alikuwa akipeleka sementi mji wa jirani, Butembo, naye Zaituni akaomba kupanda lori auone mji. Walipokuwa wakishusha mzigo mtaa wa Mususa, akasikia watoto wakiimba herufi ndani ya ukumbi wa mbao. Akasimama mlangoni. Watoto thelathini na mmoja, madawati sita, ubao mmoja uliopasuka, na mwanamke aliyekuwa akifundisha huku akikoroga uji.

Mwanamke huyo alikuwa Kasika, muuza vitenge, mmoja wa kina mama Wakatoliki waliowakusanya watoto waliokimbia vita vya Kanyabayonga, kusini mwa Butembo. Wengi walikuwa wamepoteza masomo mwaka mzima au zaidi.

"Uko mualimu?" Kasika aliuliza, maana aliona jinsi midomo ya mgeni ilivyokuwa ikitembea pamoja na ya watoto.

"Nilikuwa."

"Mualimu ni mualimu tu. Ingia, mama. Shika craie." Akamnyooshea kipande cha chaki.

Zaituni aliahidi kujitolea miezi mitatu. Kasika akampa chumba nyumbani kwake.

Alidhani kazi itakuwa nyepesi. Kiswahili si ni Kiswahili? Asubuhi ya kwanza akasema, "Hamjambo, watoto. Mimi ni mwalimu Zaituni, lakini kwa umri wangu mnaweza kuniita bibi."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mvulana mmoja wa mbele, Mathe, akainua mkono kwa adabu. "Bibi ya nani, Madame?"

Huko, bibi ni mke wa mtu.

Hilo alilicheka. Mengine yalimchoma. Hakuna mtoto aliyemwamkia shikamoo. Walimjia mmoja mmoja wakinyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, naye akawapungia tu wapite, akidhani ni mchezo. Hakujua kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe. Watoto walihesabu kwa Kifaransa, lugha ambayo hakujua neno lake hata moja. Baridi ya Butembo ilimfanya alale na sweta mbili. Na kila mtoto alipofungua kinywa, alimsahihisha. "Si batoto, ni watoto. Si mutu, ni mtu." Kila siku mikono iliyoinuliwa ilipungua. Wiki ya tatu darasa lilikuwa kimya kabisa, naye akajipongeza moyoni kwamba sasa wana nidhamu.

Kisha likaja jambo la Nadège.

Nadège alikuwa na miaka kumi. Jumatatu moja Zaituni aliwaomba wasimulie safari waliyowahi kusafiri, na msichana huyo akasimama. Alisimulia jinsi walivyotembea siku nne na mama yake, yeye amembeba mdogo wake mgongoni. Baba alibaki nyuma kumtafuta mjomba. Kila walipovuka daraja, Nadège alihesabu, ili siku ya kurudi wasipotee. Kumi na tisa.

Zaituni alipiga makofi. "Jamani! Huyu mtoto ana bongo! Ana bongo kweli kweli!"

Kwao Kondoa, bongo ni akili. Butembo, bongo ni uongo.

"Bongo! Bongo!" darasa zima likapiga kelele. Nadège alimtazama mwalimu, akachukua mfuko wake, akatoka. Jumanne hakuja. Jumatano hakuja.

Jioni hiyo Kasika alikuwa jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo. Akaweka mchi chini.

"Mama Zaituni, ulisema mbele ya batoto bote kama Nadège ni mutu wa bongo. Mama yake ameniambia analia. Anasema: 'Baba yangu alibakia kule, na sasa banasema nilitunga.'"

Zaituni alipoelezwa maana ya neno lile, alikaa kwenye kigoda, akafunika uso kwa upande wa kanga. "Miaka yote hii nimefundisha watoto kusema," alisema. "Leo nimemnyamazisha mmoja."

"Hapana mumoja," Kasika akajibu, bila ukali. "Bote. Kila wakati banasema, weye unatengeneza maneno yabo. Ile luga ni ya mama yao. Ukiikatala, umebakatala na beye."

Hakulala vizuri. Kulipokucha alimwomba Kasika ampeleke mtaa wa Kimemi, ambako mama yake Nadège alikuwa amepokewa na ndugu. Walipanda kilima chenye tope, wakamkuta mama huyo akimenya maharagwe mlangoni, binti kando yake. Zaituni akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, akamsalimu mama. Kisha akamsalimu mtoto vilevile.

"Nadège, kwetu bongo ni akili. Nilikuwa nakusifu, lakini neno langu likakuumiza. Nisamehe."

Mama alimkazia macho. "Donc, kule kwenu mutu wa akili iko mutu wa bongo?" Akaanza kucheka, akacheka hadi maharagwe yakamwagika.

Nadège hakucheka. "Madame, na madaraja, unaamini?"

"Naamini. Yote kumi na tisa."

"Lakini utaandika ku ubao?"

"Nitaandika mbele ya wote."

Na aliandika. Asubuhi ileile Nadège alisimama kando ya ubao akasema, Zaituni akaandika kama alivyosikia, bila kubadilisha herufi: *Tulipita madaraja kumi na tisa. Mama alibeba sufuria. Miye nilibeba mutoto.* Darasa zima likasoma kwa sauti moja. Hata wale ambao wiki tatu walikuwa hawajaunganisha silabi mbili walisoma, kwa sababu maneno yalikuwa yao.

Tangu hapo kila siku ilianza hivyo. Mtoto mmoja anasema, mwalimu anaandika, wote wanasoma. Kisha chini yake anaandika habari ileile kwa Kiswahili cha vitabu, wanatafuta tofauti. Mwishoni watoto ndio walimu: wanamfundisha kuhesabu kwa Kifaransa na kusalimia kwa Kinande, lugha ya wenyeji, na akikosea wanapiga meza. Wakampa jina, Mukaka, yaani bibi kwa maana ya Kondoa. Kelele za ukumbi ule zilisikika hadi barabarani. Miezi mitatu ilipokwisha, alimpigia Amina simu kumwambia kwamba mapacha wamsubiri kidogo.

Juni, mkuu wa shule moja ya jirani, Bwana Delphin, alisema atawapokea watoto wote, lakini katika mwaka wa kwanza. "Batoto ba vita banasahau, mama. Ni kawaida."

"Wapime," Zaituni alimwambia. "Lete kitabu ambacho hawajakiona. Chagua ukurasa mwenyewe."

Akaleta. Kina mama walijaa madirishani. Mathe alisoma, akajikwaa, akarudia mstari, akamaliza. Wengine wakafuata. Nadège alipopewa zamu yake, alisoma ukurasa mzima bila kusimama, akaueleza kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa lugha ya kitabu. Halafu akaweka kidole kwenye karatasi.

"Monsieur le directeur, hapa kitabu kimekosa herufi."

Bwana Delphin alivaa miwani. Akasoma mara mbili. "C'est vrai," akasema. "Imekosa."

Vigelegele vilianzia dirishani, vikaingia ndani. Kasika alimkumbatia Zaituni hadi miguu ikaacha sakafu. Watoto ishirini na sita walipangiwa madarasa ya umri wao. Wanne walirudi nyuma darasa moja. Mmoja tu ndiye aliyeingia mwaka wa kwanza, na huyo alikuwa na miaka sita.

Septemba 2025 walipita barabara ya Mususa wakiwa na mashati meupe na sare za buluu, Nadège amemshika mdogo wake mkono. Zaituni alisimama kando na kina mama, akilia waziwazi, wala hakujali nani anamwona.

Mwezi uliofuata alirudi Beni, lakini si kupumzika. Jamali na jamaa zake walikuwa wamesafisha ghala moja la mizigo, wakapaka chokaa, wakaweka ubao mpya. Kasika alikuja na mabegi yake ya vitenge ili wafungue pamoja darasa jingine la watoto waliokimbia vita. Asubuhi ya kwanza walikuja watoto arobaini na wanne.