Siku Kumi na Tisa za Funga ya Mama

Mama yangu alifunga siku kumi na tisa mfululizo, na Ramadhani ilikuwa bado miezi minne.

Sisi wanawe wenye akili zetu timamu tukasema mashaallah.

Naitwa Shaikha, wa Dunda, Bagamoyo. Nina miaka hamsini na tatu na nasoma kisomo cha jioni, maana utotoni sikusomeshwa. Mama yangu, Bi Mwanahija, ana ugonjwa wa kusahau, mwaka wa tatu sasa. Kuna siku mimi ni binti yake, kuna siku mimi ni dada yake aliyekwisha tangulia mbele ya haki.

Asubuhi moja nilimwekea chai na chapati. Akasukuma sahani.

"Nimefunga."

"Funga gani hii, mama?"

"Nalipa."

Nani atabishana na mtu anayelipa siku zake za Ramadhani?

Kaka yangu Qais ana duka la vitambaa, na mdomo mkubwa kuliko duka. Siku ya tatu mtaa mzima ulishajua.

"Mama katusahau sisi, lakini Mola wake hajamsahau!"

Anasema hivyo huku anatafuna sambusa. Saa saba mchana.

Mkewe, Wijdan, akampiga Mama picha na tasbihi yake, akaiweka status. Watu wakammwagia maua. Wijdan huyohuyo hajawahi kumwogesha Mama hata kidole.

Niliwadharau sana. Nilimweleza Mungu kwenye sijda, kama vile alikuwa hawajui.

Magharibi ikiingia, Mama anapokea tende, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ncha ya kanga. Uji vijiko viwili. Maji funda moja. Nikasema ndiyo ugonjwa wenyewe huo.

Siku ya kumi na saba akaanza kuona watu kwenye kona ya chumba. Ya kumi na tisa akamrushia Qais kikombe, akamwita mwizi, kisha akashindwa kusimama.

"Jini huyo," Qais akasema, anajifuta shati. "Nakwenda Kaole, kuna mtu atamsomea."

"Wiki mbili alikuwa walii, leo kapandwa na jini?"

"Dada, kajifunze kwanza kuandika jina lako."

"Langu naandika. Lako ndilo naona hasara ya wino."

Nikaita bajaji. Qais akapanda nyuma, amenuna.

Zahanati tulipokewa na muuguzi mmoja wa makamo, anaitwa Gertruda. Akainama usawa wa Mama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Mimi asubuhi ile hakunijua, lakini salamu hakuikosea hata kidogo.

"Nikuletee uji, bibi?"

"Ahsante, mwanangu. Nimefunga."

Gertruda hakusema mashaallah. Alichukua tochi, akammulika mdomoni.

"Haya meno ya bandia yalitolewa lini mara ya mwisho?"

Qais akanitazama. Nikamtazama Qais.

Yalitoka kwa shida, na harufu yake sitaisahau. Chini yake fizi nzima ilikuwa kidonda. Mama alilia kama mtoto, halafu akashusha pumzi.

"Afadhali," akasema.

Huku kwetu mtu mwenye adabu hasemi chakula chako kimemshinda. Anasema amefunga, na hakuna atakayemsonga tena. Maneno ya maumivu Mama alishayapoteza. Ya adabu yalibaki, akatumia hayo.

Wakapima mkojo. Mwili umekauka maji, na maambukizi yamepanda. Wale watu wa kwenye kona walitokea huko. Si Kaole, si kuzimu.

Nikamgeukia Qais, ulimi umejaa sumu. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo.

Gertruda akaniwahi. "Alipoanza kliniki, ndugu mlipewa karatasi ya maelekezo. Hamkuisoma?"

"Mimi sijapewa karatasi yoyote," Qais akasema.

Ni kweli. Nilipewa mimi.

Na niliisoma! Niliibeba kisomoni, nikasimama mbele ya darasa zima: "Anywe maji mara kwa mara. Mdomo wake ukaguliwe kila siku. Akibadilika ghafla, usidhani ni kusahau tu, mpeleke apimwe." Sikukwama hata neno moja.

Nilipigiwa makofi. Nikakunja karatasi, nikairudisha daftarini, nikaenda nyumbani kumsifu Mama kwa kufunga.

Wasiojua kusoma wana udhuru wao mbele ya Mungu. Mimi wangu uko wapi?

Mama sasa anakula. Anacheka. Kona yake haina watu.

Wewe mwenye mzee wa namna hii, usihangaike kama anakumbuka jina lako. Jina lako halimponyi. Muulize mdomo wake, maji yake, choo chake, masikio yake. Akikwambia ameshiba, ameswali, amefunga, muitikie kwa heshima, halafu angalia kwa macho yako.

Na kwenye sijda siku hizi simsemi tena Qais. Nimepata wa kumsema aliye karibu zaidi.