Siku ya Kumpongeza Sista

Nikinusa spiriti kwenye pamba, nakumbuka siku niliyotoka kijijini kwetu Mundika na mama kwa miguu kwenda mjini, nimekumbatia kuku wa zawadi. Hospitali ya serikali ilikuwa inampongeza muuguzi bora, yule sista aliyemhudumia mdogo wangu wodini. Daktari mkuu akauliza kama kuna mtu wa kumsemea. Mama akasimama.

"Mtoto wako alipona, mama?"

"Hapana, daktari, alikufa. Mimi nilikuwa nimevuka mpaka kwenda Uganda kutafuta dawa. Lakini sista alimpakata, akamwimbia mpaka mwisho. Hakufa peke yake."

Sista alishuka jukwaani akamkumbatia mama, na mama, ambaye hakulia hata siku ya mazishi, akalia kwa sauti kwenye ile sare nyeupe.