Pini Nane za Dada

Dada yangu ni fundi wa magauni. Miaka ishirini tumekaa meza moja, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye vifungo, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi. Mteja akidai amepungua, Dada humjibu kwamba futi ya kupimia haina urafiki.

Mwaka huu akaanza kujigonga milangoni. Hospitali wakamwambia ana uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Si saratani, ila unabana mishipa ya macho, ndiyo maana haoni pembeni. Walikuwa wanajaribu dawa ya kuusinyaza: nusu ya wagonjwa wanapewa dawa, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, na hata daktari hajui nani kapata nini. Daktari huyo alisisitiza jambo moja. Macho yakizidi kufifia, Dada asisubiri miadi, apige simu siku hiyohiyo, maana upasuaji ukichelewa hayarudi.

Dada akabuni kipimo chake. Kila Jumatatu kabla hatujafungua, alikaa akikodolea macho sindano ya cherehani. Mimi nilichomeka pini nane za vichwa vyekundu kwenye kitambaa cha meza, nne kila upande. Alihesabu alizoziona bila kugeuza shingo, nami nikazichomoa. Wiki ya kwanza aliona sita.

Wiki ya tano aliona nne. Hofu ikamfanya ashindwe kutunga uzi, lakini akasema angoje Jumatatu moja zaidi kabla ya kupiga simu. Jumatatu iliyofuata nikazisogeza pini ndani kidogo, karibu na sindano. Akaona sita, akacheka, akashinda akiwatania wateja. Nani angekuwa na roho ya kumnyang'anya kicheko kile? Basi nikaendelea kuzisogeza, na kila Jumatatu nilizidi kuogopa, maana nilijua peke yangu.

Jana alihesabu sita, ingawa alikuwa amejigonga tena mlangoni. Kisha akapitisha kidole juu ya kitambaa. Mimi mjinga nilisahau kwamba fundi hukagua kitambaa kwa vidole. Akavipapasa vitundu vya pini, safu baada ya safu, vikija ndani.

"Zilianzia hapa," akasema. "Zirudishe."

Nikazirudisha. Akaitazama sindano.

"Moja," akasema.

Nikamwomba msamaha huku nalia. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akaniambia nimpigie daktari, kisha akaichukua simu, akaeleza kwa sauti ya kawaida. Daktari akauliza macho yalianza kuzidi lini.

Dada akaninyooshea simu.

"Mjibu wewe," akasema.