Picha ya Sita kwenye Simu ya Janet

Pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la dagaa kando ya ziwa, Janet anajulikana kwa nyaya zinazoning'inia masikioni. Mgeni akimsalimia asiitikiwe, anadhani huyu mama anaringa. Haringi. Anasikiliza matangazo ya vifo, na redio ya simu haishiki bila nyaya.

Mumewe, Okwach, alikwenda visiwani kuvua. Akapiga simu mara chache, kisha kimya. Hawakujaliwa watoto. Redio yao ya mezani ilipokufa, Janet akawa kila asubuhi anasimama mlangoni kwa kinyozi kusikiliza majina, beseni la dagaa kichwani.

Sisi wa kikundi cha wauza dagaa tukanunua simu kwa pamoja, kila mtu yake. Mayala, fundi wa Buzuruga, akazifuta zote kila kilichokuwamo, akasema ni ndogo, zitabeba programu sita tu bila kukwama. Tuchague, na zifanane. Kufanana tulikutaka wenyewe, maana nusu yetu hawajui kusoma, wanakwenda kwa picha. Mtu akikwama, mwenzake anampigia kelele toka chanja cha pili cha kuanikia dagaa: bonyeza ya tatu, mstari wa juu. Ya tatu ikiwa nyingine, umempoteza.

Tukakaa juu ya magunia. Ya kupiga, ya ujumbe, ya kutuma pesa, ya hesabu, tochi. Hapo hakukuwa na ubishi. Ikabaki nafasi moja.

"Redio," Janet akasema.

"Grupu, la kutumiana sauti," akasema Truphosa. "Redio ya nini wewe, unataka kuwachezesha dagaa muziki?"

"Nasikiliza vifo."

"Vifo tutakutumia kwenye grupu."

"Mtatuma vya kwenu. Okwach hamjui hata baba yake anaitwa nani."

Mimi mdomo wangu haujui kungoja. Nikamwuliza, "Kwani unataka wamtaje?"

"Wasimtaje. Asipotajwa, najua leo naye kaamka."

Hakuna aliyecheka. Lakini mikono ikanyooshwa, grupu likapita. Mkono wa redio ulikuwa mmoja.

Kesho yake Janet akaenda Buzuruga peke yake. Mayala akamweleza taratibu, "Mama, nikiweka redio natoa grupu. Hutasikia wenzako wanasema nini."

"Toa."

Basi sisi tunatumiana sauti mchana kutwa: bei, umbea, nani kajifungua. Janet anavipata vimeshapoa. Tukimwambia bonyeza ya sita, inamfungulia redio.

Juzi Truphosa alibatizisha mjukuu, akatuita kwa sauti kwenye grupu twende kwake Buswelu tukale. Tulikwenda wote. Tumeshanawa mikono ndipo mmoja akauliza, "Janet yuko wapi?" Kila mtu alidhani mwingine kamwambia.

Asubuhi yake nilimkuta kwenye chanja chake, kiganja kimefunika sikio, macho chini. Nikangoja majina yaishe. Akachomoa nyaya, akazikunja vizuri.

"Jana tulikuwa Buswelu," nikamwambia. "Tulikusahau, dada."

"Leo hayumo," akanijibu, akaanza kugeuza dagaa.