Siku Nilipomwelekeza Emojong Kwenye Ngumi

Aibu hii nimeibeba miaka saba sasa, na nikipita soko la Amagoro bado kuna mama muuza nyanya anayeniita "Kushoto" mbele za wateja wake, kwa hivyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwake ikiwa imetiwa chumvi (ingawa, kusema kweli, haihitaji chumvi).

Siku hizo nilijua kila kitu kuhusu ndondi isipokuwa kupigwa. Kila jioni niliketi kwenye benchi la klabu yetu, ukumbi wa mabati ulionukia jasho na mahindi kwa kuwa nusu yake ilikuwa ghala, nikimtazama rafiki yangu Emojong akilipiga gunia, nami nikihubiri: anayesonga mbele humchosha anayecheza kwa mbali, anayecheza kwa mbali humtesa anayengoja, na anayengoja humla anayesonga mbele. Kocha wetu, Mwalimu Barasa, alikuwa akicheka tu. "Msomi," aliniambia, "ngumi haijui kusoma." Jinsi ninavyoukumbuka ule mwanga wa jioni ukipenya matundu ya mabati, na vumbi la gunia likielea ndani yake!

Emojong alikuwa mfupi, mpana, mtu wa kuingia ndani na kupiga mbavu. Akapangiwa kijana mrefu wa ng'ambo ya mpaka, Malaba ya Uganda, aitwaye Wafula, na wachaguzi wa timu ya kaunti wangekuja kutazama. Akishinda, anaingia kwenye timu. Akishindwa, mjomba wake alikwisha kumtafutia kazi ya utingo kwenye lori, aanze Jumatatu.

Mwalimu akanituma nivuke mpaka nikamtazame Wafula akifanya mazoezi. Ningeingia kama mgeni yeyote, wangenipa hata kiti. Lakini nilijiona mpelelezi, nikaona nibaki nje, nichungulie dirishani nikijifanya nangoja boda. Nikamwona vizuri kabisa: mguu wa kulia mbele, mkono wa kushoto nyuma, ukichomoka kama nyoka. Anatumia kushoto! Nilirudi nikikimbia.

Wiki mbili tukamfundisha Emojong kuukwepa mkono huo. "Zunguka kushoto kwako," nilimwambia asubuhi na jioni, "daima kushoto, ngumi yake ikukose." Mwalimu aliniamini kwa mara ya kwanza maishani, na nilitembea Amagoro kama waziri.

Jumamosi alasiri ukumbi ukajaa madereva waliokwama kwenye foleni ya mpakani, akina mama wa ng'ambo, na maajenti wa forodha na mafaili yao kwapani. Kengele ikalia. Wafula akasimama mguu wa kushoto mbele, kama watu wengi tu. Na mimi, niliyekuwa kwenye kona ya Emojong pamoja na Mwalimu, badala ya kushtuka, nikapiga kelele: "Anatudanganya! Atageuka! Kushoto, Emojong, kushoto!"

Emojong, aliyeniamini tangu darasa la kwanza, akazunguka kushoto, akakutana uso kwa uso na mkono wa kulia wa Wafula. Chini. Akaamka. "Kushoto!" nikalia tena (ndiyo, tena), naye akaifuata ngumi kana kwamba imemwita. Sasa ukumbi mzima ukawa unaimba nami, "Kushoto! Kushoto!", na mama mmoja wa ng'ambo akashangaa kwa lugha ya kwao, akauliza kwa sauti, "Banange, huyo wa kona ni wa kwetu?"

Raundi ilipokwisha, Mwalimu alimfuta Emojong damu, kisha akaniuliza polepole, "Ulimwona Wafula wapi?"

"Dirishani, Mwalimu."

"Yeye mwenyewe?"

Hapo ndipo picha ilipogeuka kichwani mwangu. Ukuta wa mbele ya dirisha ulikuwa na kioo kikubwa cha mazoezi. Wafula alisimama pembeni, nisipoweza kumwona.

"Kwenye kioo," nikasema.

Madereva wa mstari wa mbele walisikia, na kicheko kikaenda hadi mlangoni. Emojong alinitazama kwa jicho moja, la pili lilikwisha kufumbwa na uvimbe. "Nyamaza," akasema. "Hata maji usinipe. Nyamaza tu."

Nikajiziba mdomo kwa taulo. Raundi mbili zilizobaki akapigana alivyozaliwa: kichwa chini, ndani, mbavu, ndani tena, yule mrefu akirudi nyuma kamba hadi kamba, na vicheko vikageuka vigelegele. Lakini raundi ya kwanza ilikuwa imeshamla. Akashindwa kwa pointi, na wachaguzi wakafunga madaftari.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, nikaanza kulia na kuomba msamaha. Akaniacha nimalize.

"Raundi ya pili uliiona?"

"Niliiona, ndugu yangu."

"Ile ilikuwa yangu."

Tangu hapo nimeapa: sitampigia kelele mtu aliye ulingoni, na nikiulizwa mtindo upi unaushinda upi, nasema sijui. Jumatatu nilimsindikiza hadi kwenye lori. Nilikuwa na ushauri mwingi sana kuhusu safari, dereva, baridi ya njiani, mahali pa kulala. Emojong akapanda, akafunga mlango, akanitazama kama anayengoja nianze. Nikaumeza wote, nikampungia mkono.