Jalada la Mirathi ya Baba Mkubwa

Chama cha Watanzania hapa Sydney kilitaka kijitabu cha kuwakumbuka waliotangulia, na kazi ikaniangukia mimi. "Wewe ndiye binti wa nyumba ile," mwenyekiti alisema. "Nani mwingine ataandika?" Nyumba ile ni ya baba mkubwa, kule Guildford. Watanzania wa zamani karibu wote walilala sebuleni mwake kabla hawajapata chumba Merrylands au Granville. Nilikubali kwa furaha, mjinga mimi.

Baba mkubwa alikuwa kaka wa baba yangu. Baba alipofariki, nami mama sina, ndugu walikaa kikao Tanga baada ya arobaini kama ilivyo desturi. Baba mkubwa, aliyepanda ndege kuja msibani, akaniwekea mkono kichwani mbele ya wote akasema, "Huyu ni mwanangu." Basi. Kwetu mtoto hapokewi kwa mhuri, hupokewa kwa kauli mbele ya mashahidi. Viza nilipewa kama mtoto wa ndugu, na hakuna aliyeona haja ya karatasi nyingine.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nililipokea na wala sikununa. Nilipika, nikafua, nikambeba mgongoni mtoto wao wa kuzaa, yeye na mama mkubwa mkewe, na baba mkubwa alipopooza nilimlisha kwa kijiko mpaka siku yake ilipofika. Baada ya mazishi mdogo wangu huyo akaniambia nyumba inapakwa rangi, nijihifadhi kwa marafiki kidogo. Rangi hiyo haijakauka mpaka leo. Sikuuliza habari za mirathi. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na mtu mwenye haya haulizi.

Sasa kwa ajili ya kijitabu nilihitaji kujua nyumba ilinunuliwa lini. Anayekufa bila wosia huku, mali yake hupitia mahakamani, na jalada hubaki. Nikaomba kuliona. Karani akanikabidhi kitu chembamba, nikakaa kusoma kwa raha: nyumba, gari, vifaa vya gereji aliyokuwa nayo Granville. Halafu nikafika kwenye kiapo cha mjane. Marehemu ameacha mke na mtoto mmoja. Nyumbani wanaishi hao wawili, pamoja na mpangaji mmoja wa kike ambaye ameshaombwa kuhama.

Nilikaa nikijiuliza ni mpangaji gani huyo. Nilipitisha akilini wote waliowahi kulala sebuleni, mmoja baada ya mwingine, kabla sijafikiria chumba changu mwenyewe.

Nilimpigia simu mdogo wangu pale pale nje ya mahakama.

"Sis, it was just paperwork," alisema. "Lawyer alisema tukikuweka kama mtoto, ita-drag on. Nobody meant anything."

"Na mama?"

"Mum alisaini tu."

Nina hasira, na sitajifanya sina. Nyumba wachukue, na rangi yake. Lakini nilikuwa mtoto wa mtu, watu walishuhudia, na mahakamani nimeingia kama mtu wa kulipa kodi. Kijitabu nimemrudishia mwenyekiti. Nimemwambia akiandike mwenye nyumba.

Nakala ya kiapo ninayo. Naitazama saini. Mama mkubwa hakusoma shule; alipokuwa akijiandaa kuomba uraia, mimi ndiye niliyekaa naye meza ya jikoni, nimemshika mkono, tukaandika jina lake tena na tena mpaka likakaa sawa. Herufi ya kwanza nilimwekea mkia mrefu, mapambo tu, maana nilikuwa mtoto na niliona unapendeza. Alicheka akasema, "Mwanangu, huu sitausahau."

Hakuusahau. Upo pale chini ya kiapo, umepinda vile vile nilivyomfundisha.